Mzazi aulizwe mapema, lakini asiachiwe mzigo wa uamuzi

Mtoto mwenye saratani iliyosambaa, au mwenye moyo uliochoka kiasi cha kutohimili upasuaji, anaweza kubadilika ghafla usiku, mama akiwa peke yake wodini. Awekwe kwenye mashine ya kupumulia? Arudishwe nyumbani? Wapo madaktari na wauguzi wanaotaka mambo haya yazungumzwe na wazazi wiki au miezi kabla, na majibu yaandikwe kwenye faili. Nakubaliana nao, ingawa wanaopinga wana hoja nzito.

Kwa wazazi wengi, kutaja kifo cha mtoto anayepumua ni uchuro, na kukipangia ni kumtangulia Mungu. Wahudumu nao wanahofia kwamba mzazi akishasikia habari hiyo atamtoa mtoto hospitali na kwenda kwa mganga, ilhali saratani kama ya Burkitt, ile inayovimbisha taya, hupona vizuri ikiwahiwa. Katika nchi tajiri zaidi ya 80% ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30%, na kuacha tiba njiani ni mojawapo ya sababu. Hofu hiyo ina msingi, ila kunyamaza hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linataka tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, kwa mtoto ianze ugonjwa unapogunduliwa, ikienda sambamba na tiba ya kuponya. Mzazi anaweza kuambiwa: "Tunapambana apone, na tungependa kujua mngetaka tumtunzeje ikishindikana." Wala hailazimu yote yasemwe siku moja.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la lawama. Mama akiulizwa, "Moyo ukisimama tuushtue au tuuache?" ataishi miaka yote akiamini kwamba jibu lake ndilo lililomuua mwanawe. Hapa wapinzani wana haki kabisa. Kama mashine itamsaidia mtoto au itamrefushia mateso tu, hilo ni la daktari kulipima na kulisema waziwazi, ashauri na abebe ushauri wake. Mzazi aulizwe anayoyajua kuliko sisi sote: mtoto anaogopa nini, anatulizwa na nini, angependa kuwa wapi na nani.

Halafu mzazi yupi? Anayelala wodini ni mama, lakini neno la mwisho mara nyingi liko kwa baba au baba mkubwa aliyebaki Kigoma. Mpango uliokubaliwa na mama peke yake utavunjika siku ndugu watakapofika na kumuuliza nani alimruhusu. Wapigiwe simu mapema, wasikie kwa daktari mwenyewe. Na mtoto naye asisahaulike: kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinampa haki ya kutoa maoni na kushiriki katika uamuzi unaomhusu. Wa miaka 12 aliyekaa wodini kwa muda mrefu ameshaona kitanda cha jirani kikitandikwa upya. Anajua zaidi ya tunavyodhani.

Faida kubwa ya mazungumzo haya, kwa maoni yangu, ni safari ya nyumbani. Familia nyingi zilizopo katika hospitali za Muhimbili au Bugando zimetoka mbali. Nauli ya kurudi na mtoto angali na nguvu za kukaa kwenye basi haifikii gharama ya kusafirisha mwili, na huko atawakuta bibi na ndugu zake. Lakini kurudi bila mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, ni kumpeleka mtoto akateseke mbali na macho yetu. Uganda iliona hilo, na mwaka 2004 ikawaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asimsubiri daktari. Hospitali inayotaka kuwakalisha wazazi chini ianze na chupa ya mofini, pamoja na namba ya simu ya mhudumu atakayepokea usiku wa manane, kabla haijachapisha fomu yoyote ya kusaini.