Siku ya Jumatatu mtalipana kwa noti gani?

Kila ikikaribia tarehe 26 Aprili, siku ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, maneno ni yale yale. Kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, ndani ya daladala ya Mbagala iliyokwama kwenye foleni. Upande huu wa Bara: "Waende tu, tumechoka kuwabeba." Upande ule wa Zanzibar: "Tuachieni nchi yetu tupumue." Hasira hizo zina sababu zake na sizidharau. Kinachoniudhi ni hilo neno "tu". Waende tu! Kama mpangaji wa chumba kimoja Manzese anayefunga godoro nyuma ya bodaboda, anamkabidhi mwenye nyumba ufunguo, kwisha habari.

Sitaki ubishi wa serikali mbili au tatu. Tume ya Warioba ya mabadiliko ya katiba ilizunguka, ikasikiliza, ikaandika, na wote tunajua rasimu ile iliishia wapi. Nina swali moja la dukani. Kura ya kuachana imepigwa, bendera mpya imepandishwa Jumapili, ngoma zimekesha. Jumatatu asubuhi mama anaingia sokoni kununua mchele kilo mbili. Analipa kwa noti gani, na nani anasimama nyuma ya noti hiyo?

Watu huiweka fedha mwisho wa orodha, karibu na wimbo wa taifa. Fedha ndiyo inayotangulia. Noti ni deni la benki kuu iliyoitoa. Sahihi ya gavana pale si urembo. Nchi ikigawanyika, noti zote zilizo mifukoni upande ulioondoka zinageuka kuwa madai dhidi ya benki ya nchi nyingine. Benki hiyo ikizikana, umebaki na karatasi.

Waulize Biafra, watu wa mashariki mwa Nigeria. Walijitangaza nchi huru tarehe 30 Mei 1967 na wakaendelea kutumia paundi za Nigeria. Januari 1968 Lagos, yaani serikali ya Nigeria, ikabadilisha noti zake na kutoa wiki chache tu za kubadilisha, huku vita vinapigwa na mipaka imefungwa. Fedha zilizokuwa zikinunua silaha na chakula nje zikafa mikononi mwa wenyewe. Biafra ikatoa paundi yake mwishoni mwa mwezi huo huo, paundi ambayo nje ya Biafra haikuwa na mnunuzi. Vita vilipokwisha Januari 1970, wenye akaunti benki walilipwa paundi 20 za Nigeria kila mmoja, uwe uliweka mia au uliweka elfu kumi. Na sisi ndio tuliokuwa wa kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, chini ya Mwalimu yule yule ambaye miaka minne nyuma yake alisimamia azimio la Cairo la kutogusa mipaka ya mkoloni. Tungepaswa kuijua habari hii kuliko jirani yeyote.

Mtu ataniambia hiyo ilikuwa vita, sisi tutaachana kistaarabu. Haya, twende kwa wastaarabu. Czechoslovakia iligawanyika tarehe 1 Januari 1993 bila hata kofi moja. Walikubaliana waendelee na koruna moja kwa angalau miezi sita. Ilidumu wiki tano na ushei. Kila mwenye akili alikisia kwamba koruna ya Slovakia itashuka, kwa hiyo kila mwenye akiba akaihamishia benki za upande wa Czech, na kila mwagizaji wa Slovakia akakimbilia kulipa madeni yake ya nje kabla ya anguko. Akiba ya fedha za kigeni ikawa inavuja kama ndoo ya plastiki iliyopasuka. Tarehe 8 Februari wakafunga mlango: noti za koruna 100, 500 na 1,000 zikabandikwa stempu, kila nchi na stempu zake, zilizokuwa zimechapishwa mapema kwa siri. Taslimu ya kubadilisha ikawekewa kikomo kwa kila mtu, inayozidi ikaenda benki. Noti ndogo na sarafu zikaachwa ziendelee kwa muda, maana huwezi kubandika stempu kwenye kila chenji ya nchi.

Na hao walikuwa wamejipanga.

Sasa tujipange na sisi, kwa karatasi tu. Noti haziagizwi kama vitenge. Unachagua picha na alama za usalama, unatafuta mchapaji nje, unalipa kwa dola ambazo ndiyo kwanza umeanza kuzihesabu, unasubiri miezi, halafu unazipokea usiku chini ya ulinzi. Muda wote huo siri isivuje, kwa sababu ikivuja leo, kesho kila mtu amekimbizia pesa zake upande anaodhani una nguvu. Unapanga vituo vya kubadilishia, vingapi kwa wilaya. Unaweka kikomo kwa kila kichwa, na unajua kabisa tajiri atawapanga foleni vijana hamsini wambadilishie kwa majina yao. Unafunga boti zisibebe masanduku ya noti. Unaamua mikataba: mkopo wa bodaboda ulioandikwa "shilingi", ni shilingi ya nani? Hakimu wa upande upi anasema?

Halafu kuna jambo ambalo Biafra na Czechoslovakia hawakuwa nalo. Pesa zetu siku hizi hazipo chini ya godoro, zipo kwenye simu. Kila salio unaloliona kwenye simu lina shilingi yake halisi iliyowekwa kwenye akaunti ya dhamana katika benki ya biashara. Wakala wa Paje, Unguja, ana float asubuhi, yaani salio lake la kufanyia kazi. Benki yenye akaunti hiyo makao yake makuu yako Dar, chini ya Benki Kuu ambayo kuanzia Jumapili usiku ni ya nchi ya kigeni. Anayetaka kutoa laki mbili Jumatatu apewe noti zipi? Wakala, kama ana akili, atafunga kibanda. Wakifunga wote, soko limesimama, na hakuna aliyepiga risasi.

Kabla Benki Kuu yetu (BoT) haijafungua milango mwaka 1966 tulikuwa chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Fungu la Zanzibar katika mali ya bodi ile, na lilivyoingizwa kwenye mtaji wa BoT, bado linabishaniwa hadi leo, miaka sitini baadaye. Huo ni ubishi wa watu walioungana. Wanaoachana watabishana muda gani?

Sudan Kusini ndiyo darasa la karibu zaidi. Kura ya kujitenga na Sudan Januari 2011, asilimia 98.83 ndiyo. Uhuru tarehe 9 Julai. Siku tisa baadaye Juba, serikali ya kusini, ikatoa paundi yake, moja mpya kwa moja ya zamani. Kabla wiki haijaisha Khartoum, serikali ya kaskazini, nayo ikatoa noti mpya, na zile za zamani zilizokusanywa kusini zikakosa wa kuzipokea. Kila mmoja alidhani amemwahi mwenzake. Desemba 2015 paundi ya Juba iliachwa ielee, na kwa siku moja dola ilipanda kutoka karibu paundi 3 hadi zaidi ya 18.

Hapo bado sijagusa bomba. Kusini waliondoka na karibu robo tatu ya mafuta, na mafuta yalikuwa asilimia 98 ya mapato ya serikali yao. Bomba, kiwanda cha kusafishia na bandari vikabaki kaskazini. Una ng'ombe, jirani ana ndoo na njia ya kwenda sokoni. Khartoum ikataja dola 36 kwa kila pipa linalopita, Juba ikajibu kwa kiasi kisichofika hata dola moja. Khartoum ikaanza kujichukulia mafuta bandarini, na Januari 2012 Juba ikafunga visima vyote. Serikali ikazima kwa mkono wake mwenyewe karibu mapato yake yote, na mafuta hayakutoka tena hadi Aprili 2013. Bei waliyokubaliana Addis Ababa Septemba 2012, baada ya kupigania visima vya Heglig mpakani na kuzika watu? Kati ya dola 9 na 11 za kusafirisha, pamoja na dola 15 kwa kila pipa za kumfidia Khartoum kwa muda, hadi zitimie takriban dola bilioni 3.

Tena bomba si la kufungwa na kufunguliwa kama bomba la maji la DAWASA. Mafuta ya Upper Nile (yanauzwa duniani kwa jina la Dar Blend, msijivune, hayatuhusu) yana nta nyingi. Yakisimama yakapoa, yanaganda ndani kama samli. Ndiyo maana walipofunga mwaka 2012 ilibidi kwanza bomba lisafishwe kwa maji. Februari 2024, vita vya Sudan vikiendelea na vituo vya kusukuma mafuta vikikosa dizeli, mafuta yaliganda na bomba likapasuka. Juba haikuwa na la kufanya. Bomba lake la uhai liko kwenye vita vya mtu mwingine.

Sisi hatuna bomba la mafuta kati yetu, tuna waya. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga. Siku hiyo waya unakuwa mkataba wa mauzo ya nje: mita isomwe ufukwe upi, upotevu wa njiani abebe nani, malipo ya fedha gani. Na deni likichelewa, nani anathubutu kukata?

Wale wa "waende tu" wa upande wetu huu, wanaodhani anayebaki habaki na hasara, waitazame Khartoum. Ilipoteza robo tatu ya mafuta kwa siku moja na zaidi ya nusu ya mapato ya serikali. Ikaanza kuondoa ruzuku. Septemba 2013 bei ya mafuta ikapanda, watu wakauawa barabarani. Desemba 2018 ikawa mkate. Aprili 2019 Bashir akaondolewa. Bara haitapoteza kiasi hicho, sawa, hesabu si ile ile. Lakini anayesema haitapoteza chochote hajawahi kusimama bandarini akaona nini kinapakiwa kwenda Malindi ya Unguja.

Madeni nayapita haraka: Sudan ilikubali kubeba deni lote la nje kwa sharti la kusamehewa na wakubwa, na wakubwa hawakuharakisha. Kutambuliwa nako ni sentensi moja: Somaliland ilijitangaza Mei 1991, ikawa na sarafu, uchaguzi na bandari ya Berbera, na ilikaa zaidi ya miaka 30 bila mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa kuitambua, maana yake bila mkopo hata mmoja wa Benki ya Dunia kwa jina lake.

Watu siwezi kuwapita. Khartoum iliwavua uraia watu wa asili ya kusini, ikawapa miezi tisa, na tarehe 8 Aprili 2012 wakaamka wageni katika mji waliozaliwa. Maelfu walikwama bandari ya Kosti na mizigo yao. Sasa nitajieni Mpemba mwenye duka la jumla Kariakoo ambaye watoto wake wamezaliwa Ilala, mama yao Mzaramo. Huyo ni wa wapi? Na kijana wa Singida anayepika hotelini Nungwi? Mnaosema "tu", mkampe jibu usoni.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Sudan Kusini walizika takriban watu milioni mbili katika vita vya 1983 hadi 2005. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia wabaki kwa sababu ya noti. Na wanaolalamika Zanzibar kuhusu mgao wao wa asilimia 4.5 na Akaunti ya Fedha ya Pamoja iliyoandikwa kwenye ibara ya 133 ya Katiba ya Muungano hawalalamiki hewa. Hesabu ile ingefungwa vizuri tangu mwanzo, nusu ya makelele haya yasingekuwepo.

Lakini kabla hujasema tena "tugawane tu", kumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Jumuiya ile haikuwa nchi. Mashirika yake makubwa yalikuwa manne: reli, bandari, posta na simu, ndege. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Akaletwa msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, ahesabu vichwa vya treni na majengo, na mgao wa mali ukasainiwa Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, sisi 32, Uganda 26. Miaka ishirini na zaidi baada ya saini hizo, wastaafu wa jumuiya ile, wazee wenye fimbo na bahasha za kaki, walikuwa bado wanakaa katikati ya barabara za mjini hapa kudai mafao yao.