Mizania ya redio ni haki ya msikilizaji

Wavuvi wa dagaa wanaotoka Igombe na Kayenze, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, usiku wa giza hubeba taa, nyavu na redio. Simu nayo ipo, lakini ukishafika mbali ziwani mtandao unakatika, na bando lina mwisho. Kwa hiyo suala la nani asikike hewani wakati wa siasa linamhusu aliye kwenye mtumbwi kuliko linavyomhusu mwanasheria wa mjini. Mengi anayoyajua kuhusu wagombea ni yale yaliyorushwa.

Naunga mkono sheria ya mizania, inayovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe nafasi kwa pande zote. Wapo rafiki zangu wanaosema kituo ni mali ya mwenyewe, atangaze apendavyo. Gazeti sawa. Lakini masafa ni ya umma na hayamtoshi kila mtu. Aliyepewa leseni amekabidhiwa kitu chetu. Sisi wa ziwa hili tuna sababu nyingine pia. Mwaka 1994 mto Kagera ulituletea maiti kutoka Rwanda, watu waliouawa huku redio RTLM ikiwahimiza wauaji.

Ila kuna jambo husahaulika kila RTLM inapotajwa. Ilikuwa redio ya binafsi yenye marafiki ndani ya utawala. Wakubwa wa Kigali hawakukosa uwezo wa kuinyamazisha, hawakutaka. Basi ukiniambia dawa ni kumpa waziri rungu, nakuuliza: waziri akiwa upande wa redio hiyo, nani atamshika mkono?

Kwetu rungu liko TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia Kamati ya Maudhui. Mwenyekiti wa bodi ya mamlaka hiyo anateuliwa na Rais, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa chama tawala. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi wa madiwani wa Novemba 2017. Kimoja kilikuwa Star TV ya hapa Mwanza, ambayo mwanzilishi wake, Anthony Diallo, amewahi kuwa waziri na mwenyekiti wa CCM mkoani. Kama ukaribu huo haukuiokoa Star TV, redio ndogo ya jamii huku kando ya ziwa itathubutu nini?

Faini ya namna hiyo huendelea kufanya kazi hata isipotozwa tena. Mhariri anamwambia ripota abalansi stori. Ripota anampigia mkubwa wa halmashauri, hapokei. Anatuma ujumbe, kimya. Stori inasubiri upande wa pili mpaka inachacha. Mkubwa akishajua kwamba kutopokea simu kunatosha kuua habari, kanuni iliyowekwa ili tusikie pande mbili inatunyima hata mmoja. Kanuni iseme wazi: aliyetafutwa, akapewa muda wa kutosha na akanyamaza, habari iende hewani na itajwe kwamba alitafutwa.

Marekani walikuwa na kanuni ya mizania kuanzia 1949 hadi 1987, ikisimamiwa na tume ya mawasiliano, FCC. Kisa chake kinachonigusa zaidi ni cha WLBT, televisheni ya Jackson, Mississippi. Mwaka 1955 kituo hicho kilikatiza kipindi alichohojiwa Thurgood Marshall, wakili wa haki za Weusi, na kuweka tangazo kwamba kuna hitilafu ya mitambo. Jackson ilikuwa na watu Weusi wengi sana, lakini madai yao hayakupewa nafasi. Mwaka 1964 kanisa la United Church of Christ liliwapanga watu wakae majumbani, warekodi na kuandika kila kilichorushwa kwa wiki nzima. Tume ilipelekewa ushahidi huo, ikakiongezea kituo muda wa leseni hivyo hivyo. Ndipo mahakama ikasema, mwaka 1966, kwamba watazamaji wenyewe wana haki ya kusikilizwa katika shauri la leseni, na mwaka 1969 ikaifuta leseni ile.

Sheria ilikuwepo siku zote hizo, na msimamizi alikuwepo, tena akilipwa mshahara. Kilichobadilisha mambo ni watu wa kawaida wenye kalamu, na mlango wa mahakama uliofunguliwa kwa ajili yao.

Katiba yetu imeshatupa pa kusimama. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Haki hiyo ni ya msikilizaji, wala haijaanza siku ya kampeni. Upendeleo mkubwa tunaousikia hauko katika taarifa moja ya habari. Uko katika saa nzima za ziara za viongozi zinazorushwa mubashara, mwezi baada ya mwezi, na katika vipindi vya kulipia ambavyo msikilizaji haambiwi nani kalipa. Hesabu ya mizania ianzie huko, na TBC, shirika la utangazaji la taifa linaloendeshwa kwa kodi zetu, iwe ya kwanza kupimwa.

Isiishie kwa walio kwenye karatasi ya kura tu. Aprili 2025 Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba chama cha upinzani Chadema hakitashiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Ukigawa dakika kwa wagombea peke yao, chama chenye wafuasi wengi kiasi kile kanda hii kinatoweka hewani, na bado kitabu cha mahesabu kitaonyesha mizania imetimia.

Nataka kila kituo kitangaze kila wiki dakika kilizompa kila chama na nani alilipia. Nataka chombo cha kupokea malalamiko kisichoteuliwa na mtu anayegombea. Na mvuvi wa Kayenze aweze kulalamika kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili, bila wakili, ajibiwe kabla ya siku ya kupiga kura.