Namba 2 Duniani

Baritoni yenyewe, lile tarumbeta kubwa la sauti nene, niliinunua Kizota, Dodoma, kwa muuza chuma chakavu, kwa kilo. Ilikuwa imelala kati ya rejeta ya Fuso na sufuria lisilo na kitako, nyeusi tii. Mama watoto alipoiona getini akauliza kama nimeleta bomba la choo. Sikumjibu. Bendi yetu ya tarumbeta pale usharikani ilikuwa na njaa ya sauti nene, nami nilikuwa na njaa ya kujua nani aliyeitengeneza.

Nikakaa uani na limau, majivu, na kwa kuwa subira si fungu langu, kipande cha msasa. Nikasugua mdomo wake mpana mpaka jasho likanitoka. Maandishi yakajitokeza: BESSON & CO., kisha PROTOTYPE, kisha 198 EUSTON ROAD, LONDON.

Kamusi ya binti yangu wa kidato cha pili ikasema prototype ni kile cha kwanza kabisa, kinachoundwa kabla vingine havijaigwa kwake. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikafungua pistoni zote tatu, zile zinazobonyezwa kwa vidole, kutafuta maandishi zaidi. Springi moja ikaruka hadi kwenye banda la kuku, tukaipokonya kwa jogoo. Pistoni iliyobaki mkononi mwangu ilikuwa na namba moja tu: 2.

Cha kwanza kabisa. Namba 2. Wewe ungefikiri nini?

Jioni ile mtaa mzima ulijua. Balozi alikuja kuishika. Shemeji akashauri isilale sebuleni, basi ikalala kitandani na mimi nikalala ukingoni. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimeshachagua kiwanja Ihumwa.

Jumapili nikaibeba kanisani. Pistoni nilizirudisha kwa kukisia, maana zote tatu zinafanana kama mayai. Mwalimu akainua mkono, wenzangu wakalipuka, mimi nikapuliza. Kimya. Nikaongeza pumzi, mashavu yakajaa kama ya mgonjwa wa matubwitubwi. Hewa ilikwenda ikagonga mahali, ikanirudia puani. Nilipuliza beti nne hivyo hivyo, macho yamenitoka, mpaka mama mmoja wa kwaya akaniletea maji akidhani nimepaliwa.

Nje, mzee mmoja aliyewahi kupiga bendi ya jeshi akaniita kwa kidole.

"Mbukwa, babu," nikamsalimu. Hakuitika, alikuwa anacheka.

"Mjukuu wangu, hii 2 ni ya nyumba ya pili. Ipo na 1, ipo na 3. Kila pistoni ina matundu yake. Ukiiweka kwa jirani, njia inaziba." Akazipanga, akapuliza mara moja, njiwa wakaruka paani.

"Na hiyo Prototype?"

"Besson ngapi nimepiga zimeandikwa hivyo!"

Baadaye nilisoma mwenyewe, nikatamani nisingesoma. Gustave Besson, Mfaransa aliyeanzia Paris kisha akafungua kazi London, alitumia kalibu za chuma ili kila chombo kitoke sawasawa na mwenzake; ndiyo Prototype hiyo. Neno nililolilaza kitandani lilikuwa linasema: huyu ni nakala.

Lakini kulikuwa na tumaini. Boosey & Hawkes waliinunua Besson mwaka 1948, na vitabu vya kiwanda leo vimehifadhiwa Horniman Museum, London. Ukiwa na namba ya chombo, unaweza kutafutiwa siku zake. Nikakimbilia kwa babu anionyeshe namba hiyo hukaa wapi.

Akaiinamia baritoni, akapitisha kidole gumba chini ya maandishi, mahali palipong'aa kuliko kote.

"Ilikuwa hapa. Umetumia nini?"

Imebaki 7 moja. Au ni 1, inategemea jua.

Wiki ile nikaipeleka Majengo kwa fundi rejeta aniunganishie bomba lililoachia. Nikamsimulia msiba wangu wote. Akasikiliza kwa huruma, akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kopo la vyuma vya kugongea namba.

"Braza, si ungesema mapema? Taja tu, unataka ianze na ngapi?"