Kisima cha Mafuta Nyuma ya Nyumba Yetu Simbo

Kosa la kwanza ni la mama. La pili ni la karani wa vifurushi pale stendi Kigoma. La tatu ni langu. Mlinzi wa geti simlaumu hata kidogo, maana yeye alihudhuria semina na akasikiliza.

Mwaka 2024 nilikuwa dereva wa semi, nabeba mabomba ya ule mradi wa mafuta ghafi ya kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443, na sehemu kubwa iko upande wetu. Mabomba yalishushwa bandarini Dar es Salaam, sisi tukayapandisha hadi Sojo, wilayani Nzega, kwenye kiwanda cha kuyavalisha koti la kutunza joto. Kila bomba lina urefu wa mita 18. Ukiteremka nayo mlima Sekenke unatubu dhambi zako zote, mpaka zile za darasa la tatu.

Kazi yenyewe nilikuwa naiweza. Kuieleza nyumbani ndiko kulikonishinda. Nikienda Simbo likizo nakuta watu wamejaa uani kumtazama kijana anayefanya kazi "kwenye mafuta". Bibi mmoja alikuja na kibatari chake kabisa, kikavu. Mzee jirani yetu, mtu wa kuuliza jambo mpaka mizizi, akanibana:

"Mnachimba wapi?"

"Hatuchimbi, mzee. Yatapita tu."

"Yameshapita?"

"Bado."

"Sasa wewe unabeba nini?"

"Mabomba."

"Ndani yana nini?"

"Hayana kitu. Matupu."

"Unayatoa Dar es Salaam?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wanakulipa?"

Nikasema wananilipa. Akatikisa kichwa, akaitazama michikichi iliyotuzunguka pande zote. "Mafuta haya hapa," akawaambia wenzake, "yeye kayafuata Tabora."

Sasa habari ya semina. Kabla ya kuruhusiwa kuingia kambini mnakalishwa wote pamoja, madereva, wapishi na walinzi, mnafundishwa mkanda, mwendo, buti na helmeti. Nusu ya madereva husinzia. Lakini mkufunzi alipofika kwenye mafuta yenyewe hata mimi niliamka. Alisema mafuta ya Uganda yana nta nyingi, kwa joto la kawaida hayatiririki, yanaganda kama mafuta ya kupaka asubuhi ya Julai. Kwa hiyo bomba itabidi lipashwe joto njia nzima, nyuzi 50 hivi, na lile koti ni la kuzuia joto lisipotee. Pembeni yangu alikaa mlinzi mmoja, Mnyamwezi wa makamo, mpole, na kijidaftari chake. Aliandika kila kitu. Nilimwona akipigia mstari neno "yanaganda". Mara mbili.

Miezi ikapita. Siku moja niko Singida na mzigo, mama akapiga simu.

"Nimekutumia mafuta. Dumu la lita 20. Mpe na bosi wako."

"Mama, si nilikwambia nafanya kazi kwenye mafuta?"

"Hayo yenu yanaliwa?"

Sikuwa na jibu. Dumu lilikuwa limeshaondoka na basi, likapita Uvinza, Kaliua, Urambo, likahamishiwa basi jingine Tabora. Kule stendi Kigoma karani alikuwa amemuuliza mama ndani kuna nini. Mafuta. Ya nani? Ya mwanangu, dereva wa bomba. Yanakwenda wapi? Sojo. Karani alikuwa mtu wa bidii, akachukua maka peni akaandika ubavuni, herufi kubwa za kuonekana toka mbali: MAFUTA YA BOMBA. DEREVA. SOJO.

Nililichukua Nzega mjini usiku usiku, nikalitupia nyuma ya kiti wala sikulisoma. Bosi mimi namfahamu kwa sauti ya simu tu, kwa hiyo moyoni nilishaamua dumu linakwenda kwa mke wangu Mbagala. Nikaingia Sojo, nikashusha mabomba, nikalala kwenye gari.

Getini wanapekua zaidi unapotoka kuliko unapoingia. Madereva tuna sifa zetu kwenye suala la dizeli, na si zote za kusingiziwa. Saa kumi na mbili asubuhi, Julai, baridi ya Nzega inakuvalisha koti juu ya koti, nikasogeza gari. Nani yuko zamu? Yule yule wa kijidaftari.

"Mwangaluka, dereva."

"Mwangaluka, afande."

Akapanda ngazi ya kabini, akamulika tochi nyuma ya kiti.

"Dumu hili lina nini?"

Mtu mwenye akili timamu angesema mawese. Mimi usingizi ulikuwa bado uko kwenye macho.

"Mafuta tu, afande."

"Mafuta tu?"

"Ya mama."

Akageuza dumu, akasoma maandishi polepole, midomo inacheza. Akafungua kifuniko, akaliinamisha. Hakikutoka kitu. Akaliinamisha zaidi. Kikachungulia kitu chekundu, kizito, kikafika mdomoni mwa dumu kikagoma. Uso wa yule mzee ukang'aa kama wa mwanafunzi aliyekesha na swali lake likaja.

"Yameganda," akanong'ona.

Akatoa kijidaftari, akafunua ukurasa, akahakikisha. Kisha akashika redio: "Geti hapa. Nimekamata mafuta ghafi. Lita 20. Yana nta."

Sijui kama mmewahi kuona kambi nzima inaamka kwa mkupuo. Mtu wa seifti alikuja mbio, mtungi wa kuzimia moto begani, kamba za buti hajafunga. Dumu likateremshwa na watu wawili wenye glavu, hatua kwa hatua kama wanabeba yai la mbuni, likawekwa katikati ya uwanja, likazungushiwa utepe mwekundu na mweupe. Mwenye nalo nikaambiwa nikae mbali. Nyuma yangu foleni ya semi inapiga honi, madereva wenzangu wameshuka wanaulizana. Habari ilivyofika gari la mwisho, nilikuwa nimetoboa bomba.

Bosi wa zamu akafika na kikombe chake cha chai.

"Kayatoa wapi?" akamuuliza mlinzi.

"Kwenye bomba, bosi."

"Bomba lipi? Mabomba si yale yamelala pale? Huko Uganda kwenyewe hayajaanza hata kutiririka!"

Mlinzi akafikiri kidogo. "Ndiyo maana nasema, bosi. Hii kesi ni kubwa."

Nikaomba nimpigie mama. Bosi akachukua simu, akaweka spika watu wote wasikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye bosi wake? Mafuta umeyapata?"

"Tunayo hapa, mama. Mmeyatoa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani. Tumeyakamua wenyewe juzi."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Nyuma ya nyumba."

Nikasikia kalamu inakimbia kwenye karatasi. Baadaye nilikuja kuusoma mstari ule: *Kisima kipo nyuma ya nyumba, Simbo, Kigoma.*

"Kwa siku mnatoa kiasi gani?" Bosi sasa alikuwa amekiweka chini kikombe.

"Inategemea. Dada zake wakiwepo, pipa zima."

Watu wakatazamana. Mafuta ya Uganda nayo yanahesabiwa kwa mapipa.

"Na serikali inajua?"

"Itaachaje kujua? Si serikali ndiyo iliyotugawia miche!"

Kimya.

"Miche, mama? Miche ya nini?"

"Ya michikichi! Wewe bosi wa mafuta gani hujui mawese?"

Foleni nzima ilicheka mpaka honi zikanyamaza. Bosi akarudisha simu, akaokota kikombe, akasema nifunguliwe geti. Mlinzi hakucheka. Akasema, kwa heshima zote, mama mzazi hawezi kuwa shahidi wa mwanawe. Jambo likishaandikwa kwenye kitabu cha geti haliondoki kwa kicheko, linataka mtaalamu.

Tukasubiri mtaalamu. Kufikia saa nne jua lilikuwa limelipiga dumu sawasawa, na kile kitu kikaanza kulainika. Akaja mpishi wa kantini, mama mmoja mnene wa Kaliua, ameitwa kwa sababu nyingine kabisa: walitaka kujua kwa nini chai imechelewa. Akaona utepe, akaona dumu, pua ikamcheza. Akainama akapita chini ya utepe. Mtu wa seifti akapiga kelele, "Mama, rudi!" Mama hana habari. Kachovya kidole mpaka kiungo cha pili, kakilamba.

Watu tuliokuwa karibu tulirudi nyuma hatua moja. Hata mimi, ambaye nilijua ni nini, nilirudi.

"Mawese ya Kigoma," akasema, akilamba tena. "Na yamechujwa na mtu anayejua kuchuja. Nani anayazuia hapa juani?"

Nikaruhusiwa kuondoka. Dumu halikuruhusiwa. Mlinzi akaeleza kwamba limekwisha kuwa kidhibiti, na kidhibiti hakitoki getini mpaka kesi ifungwe. Kikaandikiwa namba, kikapelekwa stoo. Stoo yenye kufuli madhubuti pale karibu ilikuwa moja tu, ile ya jikoni.

Nilikwenda Dar es Salaam, nikapakia, nikarudi baada ya siku nane. Kabla sijazima gari nikasikia harufu ya maharage, maharage yale ya nyumbani kabisa, yenye rangi ya machweo ya ziwani. Nikaenda moja kwa moja getini kuulizia dumu langu. Afande akafungua kitabu kwa utulivu, akanionyesha alichoandika chini ya namba ya kidhibiti, kwa mwandiko safi: *Kidhibiti kimepungua hadi lita 3 kutokana na joto.*

Nikamtazama. Pembeni ya mdomo alikuwa na kijimstari chekundu.

"Kesi imefungwa, dereva," akasema. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanisogelea. "Ila mwambie mama kile kisima kisikauke."