Mlima Wetu, Mkutano Wao

Kila mjadala wa magari ya nyaya Kilimanjaro unapofufuka, nao hufufuka kama malaria isiyomalizwa dozi, watetezi wake hutoa jibu lile lile la kufunga watu midomo: wananchi walishirikishwa. Uliza ushahidi. Utaletewa karatasi ya mahudhurio yenye jina, saini, namba ya simu, na safu ya mwisho ya "cheo". Wenye vyeo walikuwapo. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anayebeba kilo 20 kutoka kambi ya Barranco hadi ya Karanga hakuwapo, maana siku hiyo alikuwa Barranco.

Sizungumzii magari ya nyaya peke yake. Tangu serikali ilipolitaja wazo hilo hadharani mwaka 2019, kelele zake zimefunika mengine yote: njia ipi ifungwe ipumzike, kambi ipi ihamishwe, nani ashukie wapi, kiingilio kiwe kiasi gani, kijiji kipi kipate geti. Hayo ndiyo yanayoamua nani anatembea mlimani na nani anautazama tu akiwa barazani kwake. Na yote hupitishwa mlango mmoja: ukumbi wa hoteli mjini, siku ya kazi, saa tatu asubuhi, chai saa nne na nusu.

Tuanze na kalenda, kwa sababu kalenda peke yake inatosha kuua ushirikishwaji kabla mtu hajafungua mdomo. Msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, na mwingine ni katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Njia ya Machame huchukua siku 6 au 7, Lemosho 7 au 8, Mzunguko wa Kaskazini 8 au 9. Mpagazi mwenye kazi akitoka leo geti la Mweka, keshokutwa huenda yuko Machame tena anapimiwa mzigo. Ukiitisha mkutano mmoja wa siku moja mwezi Agosti, mjini Moshi, umewaita watu wote isipokuwa wale wanaoijua njia. Wapishi hawapo. Waongoza watalii wazuri hawapo. Watakaokuwapo ni wale ambao kazi yao ni kuhudhuria mikutano, na hao tunao wa kutosha.

Dawa yake ni rahisi mno hata inachosha kuieleza. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, wageni ni wachache, watu wako majumbani. Novemba vilevile. Najua, bajeti inaishia Juni 30 na fungu lazima litumike. Basi litumike Mei.

Kuna njia bora zaidi ya hiyo, wala haihitaji ukumbi. Angalia jinsi watu wanavyoshuka Kilimanjaro. Wanaopanda Machame, Lemosho, Umbwe na Mzunguko wa Kaskazini, wote kwa kawaida hushukia Mweka. Wanaopanda Marangu na Rongai hushukia Marangu. Kwa hiyo mlima mzima una milango miwili tu ya kutokea. Weka meza Mweka, weka nyingine Marangu. Kila meza iwe na watu wawili wanaoandika, ramani kubwa iliyobandikwa ubaoni, na turubai la kuzuia mvua. Kaeni wiki mbili, kuanzia asubuhi hadi kundi la mwisho litoke. Msimwulize mtu "una maoni gani kuhusu mradi", maana mpagazi aliyeshuka kutoka kambi ya Barafu hana muda wa falsafa. Mwulizeni mambo matatu: wapi njia inakushinda ukiwa na mzigo, mvua ikinyesha maji hupita wapi, na pakifungwa hapa utapita wapi. Majibu mtakayoyapata kwa wiki mbili hizo hayatapatikana katika semina za miaka kumi.

Maswali hayo matatu yana sababu. Njia ya mlimani haiharibiwi na miguu peke yake, inaharibiwa na maji yanayofuata miguu. Njia ikishuka wima kama ngazi ya dari, mvua moja kubwa inaigeuza mfereji. Kanuni ya wachoraji wa njia popote duniani ni kwamba mteremko wa njia kwa wastani uwe kama asilimia 10, tena usizidi nusu ya mteremko wa ubavu inapopita, ili maji yavuke njia badala ya kutiririka ndani yake. Pale ambapo haiwezekani, unalaza magogo au mawe mshazari kuyatoa maji pembeni, na unaweka ngazi. Lakini ngazi ikiwa ndefu kuliko hatua ya mtu mwenye mzigo kichwani asiyeyaona magoti yake, hataikanyaga. Ataikwepa pembeni. Wa nyuma yake atafuata. Baada ya msimu mmoja una njia mbili, baada ya mitatu una uwanja wa matope, na mtaalamu anaandika kwenye ripoti kwamba "watumiaji hawazingatii njia rasmi". Mtumiaji angeulizwa kabla ya ngazi kujengwa, angekuambia zipunguzwe urefu. Hilo ni suala la futi kamba na dakika tano.

Jambo lingine: ramani. Wanakijiji huonyeshwa ramani ya uwiano wa 1:50,000 iliyorushwa ukutani kwa projekta, halafu wanaulizwa kama wanakubali mstari mwekundu. Kwenye ramani hiyo milimita moja ni mita 50 ardhini. Unene wa kalamu tu unaweza kumeza mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), kihamba cha mtu (shamba la ukoo) na mpaka wa hifadhi kwa pamoja. Hakuna binadamu anayeweza kukubali wala kukataa kitu asichokiona. Njia mpya ikipendekezwa, ipigwe vigingi, vipakwe rangi, halafu watu waikanyage yote, wakiwamo wenye mifongo, mtu wa hifadhi, mpagazi mwenye mzigo mgongoni na mzee anayejua korongo lipi hujaa. Ikanyagwe siku ya mvua. Siku ya jua kila njia ni nzuri.

Mtu ataniambia sheria zetu ndiyo tatizo. Hapana. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi, tangazo litoke gazetini na redioni kwa Kiswahili na Kiingereza, taarifa ya mkutano itolewe angalau wiki moja kabla, na mahali na muda viwafae walioathirika. Muhtasari wa ripoti usio na lugha ya kitaalamu unatakiwa uwe wa Kiswahili pia. Soma tena hapo kwenye "viwafae walioathirika". Ukumbi wa hoteli mjini unamfaa mama wa kijiji cha Umbwe Onana kwa kipi? Chai?

Ngazi ya kijiji nako kuna mchezo wake. Mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mradi ukija na wiki mbili za kukusanya maoni, mara nyingi mkutano huo hautaangukia humo, na mkutano wa dharura hauitishwi kwa sababu "muda hautoshi". Kinachofanyika ni halmashauri ya kijiji kukaa, au mwenyekiti na mtendaji kugonga muhuri, kisha ripoti inasema kijiji kimeridhia. Halmashauri ya kijiji haina zaidi ya watu 25. Si kijiji. Ukitaka kujua kama umeibiwa, omba muhtasari wa mkutano uangalie vitu vitatu: tarehe, idadi ya waliohudhuria, na agenda. Ukikuta suala la njia limepachikwa kwenye "mengineyo", kati ya mchango wa madawati na mbwa wanaozurura, umeshapata jibu lako.

Halafu posho. Ofisa anayekuja kukusanya maoni analipwa posho ya kikao na nauli. Mpagazi anayetoa maoni anapoteza ujira wa siku. Tunashangaa haji.

Wenye kampuni za utalii nao hupenda kusema wanawawakilisha wafanyakazi wao. Wengine ni watu wema, nakubali, na bila wao kelele nyingi zisingesikika Dodoma. Lakini kwenye suala la njia maslahi yao si mamoja. Ada za hifadhi hulipwa kwa siku na kwa usiku wa kambi, na kila mgeni anazilipa, kwa hiyo safari fupi ni rahisi kuuza. Mpagazi analipwa kwa siku, kwa hiyo safari fupi inamnyima. Mgeni mwenyewe anahitaji siku zaidi ili mwili uzoee hewa nyembamba. Watu watatu, hesabu tatu, na mnawapa kiti kimoja ambacho kakalia mwenye kampuni.

Sasa nikubali jambo moja, ingawa silipendi. Kuna maamuzi ambayo hayawezi kusubiri mkutano. Januari 2006 mawe yaliporomoka njia ya Western Breach na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Njia ikafungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Mkuu wa hifadhi akisubiri akidi ya kijiji kabla ya kufunga njia kama hiyo, atakuwa muuaji. Afunge kwanza. Ninachodai ni kwamba kufungua kusiwe kimya kimya. Kabla ya kufungua, watu waambiwe nini kimebadilika, saa ngapi za kupita ni salama, nani amekagua, na waongozaji waliopita pale mara nyingi waulizwe kama wanakubaliana na ukaguzi huo.

Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Waliopanda kuuzima walikuwa wanakijiji, wapagazi, waongozaji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka pamoja na askari wa hifadhi. Siku hiyo hakuna aliyeulizwa kama ni mdau. Hakuna barua ya mwaliko iliyopitia kwa mtendaji wa kata. Wakati wa moto mlima ni wa wote, wakati wa ramani ni wa wenye vishikwambi.

Na kabla hamjaniambia habari za mipaka: ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa msitu ulitengwa mwaka 1941 ili watu wa mlimani wapate kuni, majani na miti bila kuingia msitu wa ndani. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikaumeza msitu. Leo mgeni anavuka eneo hilo kwa matembezi ya kujifurahisha, na bibi ambaye mama yake alikata majani hapo hapo anajieleza kwa askari. Sitaki mgeni azuiwe. Nataka bibi huyo awe mtu wa kwanza kuulizwa njia ipite wapi.

Baiskeli zinazopanda mlima kwa njia ya Kilema? Ziende, ila nazo zipangiwe saa zake. Kijana wa Moshi anayetaka kupanda hadi Mandara Jumamosi na kurudi? Huyo hata neno "mdau" halijawahi kumgusa.

Kwa wale mtakaoandika maoni, msiandike "napinga mradi". Hilo linamezwa kwa sentensi moja: "baadhi walipinga". Andika ukurasa mmoja. Taja kipande cha njia kwa kambi zake mbili, mwezi, hali ya hewa, idadi ya watu na uzito wa mzigo. Eleza kinachoharibika na sababu yake. Pendekeza kitu kinachoweza kupimwa, kama ngazi za urefu fulani, njia ya kupishana kwenye ukuta wa mwamba wa Barranco, au choo umbali fulani kutoka kijito. Maliza kwa swali linalodai jibu. Kwa magari ya nyaya, kwa mfano: mtu akipandishwa kutoka mita 1,800 hadi 3,800 ndani ya saa moja akazidiwa na hewa, nani anamshusha waya zikisimama kwa upepo? Maji ya vyoo vya stesheni ya juu yatatoka wapi na yataishia wapi? Wapagazi wangapi watakosa siku ngapi? Peleka NEMC, baraza la taifa la mazingira, nakala kwa mkuu wa hifadhi na mtendaji wa kata, na nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa". Bila muhuri hukuandika.

Wazee na wenye ulemavu wana haki ya kuuona mlima kwa karibu, na hoja ya nyaya hapo ina uzito wake. Haya, nimesema.

Kisha tudai jedwali la maoni na majibu, tena libandikwe getini: safu ya kwanza maoni yaliyotolewa, ya pili kilichobadilishwa kwenye mpango, ya tatu sababu za kutobadilisha. Mkinionyesha jedwali hilo na safu ya tatu imejazwa kwa hoja, si kwa "yamezingatiwa", hata mkijenga hizo nyaya nitanyamaza. Kwa shingo upande, lakini nitanyamaza.