Urujuani wa dirishani na kipunji wa Rungwe

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka Usambara. Leo mmea huo, uitwao urujuani, umepamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na hapo ndipo inapoanzia hoja ninayoisikia mara kwa mara: mmea unaouzwa kwa mamilioni unalindwa ya nini? Nguvu ziende kwa kipunji, kima wa milima ya Rungwe, Livingstone na Udzungwa, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja tangu zamani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wamebaki 1,117.

Hoja hiyo ina uzito. Jani moja la urujuani likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mche. Kipunji hapandwi chunguni. Msitu ukikatika, naye amekwisha. Tena ana uadui na watu: hushuka shambani kula mahindi, mkulima akamtegea. Urujuani haujamnyima mtu ugali. Isitoshe, anayemlinda kipunji analinda pia miti na vyanzo vya maji.

Lakini ulinzi wa Rungwe haufiki Usambara. Na ule urujuani wa dirishani ni chotara, uzao wa mimea michache iliyochukuliwa mwanzoni. Jamaa zake wa porini ni wengi kwa aina, na baadhi wana makazi madogo mno: mwamba wenye majimaji, kivuli kizito, basi. Ukikata miti miwili mitatu juu ya mwamba, jua linaingia na mmea unakauka bila mtu kuugusa. Kipunji akitoweka, watu wa Rungwe watakosa mlio wake wa kubweka. Mmea huu hufa kimya, na inaniuma kwamba umaarufu wake wa ng'ambo ndio unaotufanya tudhani uko salama.

Fedha za doria ningezipeleka kwa kipunji, sina shaka. Urujuani hauhitaji askari wengi. Unahitaji mkulima wa hiliki wa Usambara Mashariki aiache miti iliyo juu ya mwamba ule. Akiiacha anapoteza mbao na eneo la kulima. Ndiyo maana ningetaka sehemu ya bei ya kila chungu kinachouzwa ng'ambo imrudie yeye.