Filamu ya Kusikiliza: Tumhukumu Vipi DJ Anayetafsiri Muvi?

Mabishano juu ya DJ wanaosimulia filamu za nje kwa Kiswahili hayaishi. Mmoja anasema hawezi kuvumilia muvi "zilizotafsiriwa": DJ anaropoka juu ya sauti za waigizaji, anawabandika majina yake, anasema mambo ambayo kwenye filamu hayamo. Mwingine anamjibu kwamba bila DJ Murphy, DJ Mack au DJ Afro wa Kenya, asingewahi kumaliza filamu hata moja. Wanaitana mjuaji na mshamba, basi, hadi wiki ijayo.

Lawama ya kwanza ni ya hakimiliki, na hapo wanaolalamika wana haki zao. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994 na Kenya mwaka mmoja kabla, unampa mwenye kazi uamuzi wa nani aitafsiri. DJ haombi ruhusa. Anaweka sauti yake, nakala zinasambaa, na kijana wa kibandani anakujazia flashi kwa pesa ya soda. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Waliuliza: sisi tunaolipa waigizaji na kununua stempu za kodi za TRA, tutashindana vipi na muvi iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola ambayo muuzaji ameipata bure? Mashabiki wakawacheka, wakawaambia waboreshe kazi zao kwanza. Na mimi nilicheka. Leo nisingecheka.

Lakini lawama ya pili, kwamba DJ anaharibu filamu, hiyo ndiyo iliyonikaa kooni, kwa sababu watu huisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Wanadhani DJ yupo kwa sababu watazamaji hawajui Kiingereza au hawasomi haraka. Kwa hiyo, wanasema, weka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, mambo yaishe.

Siku moja nilimsindikiza dada yangu saluni kusuka rasta. Kazi ya saa tano. Ukutani kulikuwa na televisheni inaonyesha tamthilia ya Kikorea, na DJ anaporomosha. Msusi alikuwa ameipa televisheni mgongo. Dada yangu alikuwa ameinamishwa kichwa, anaona magoti yake tu. Mwenzao aliyekuwa akichambua nywele za bandia alikuwa amekaa pembeni kabisa, mlangoni. Wote watatu waliifuata tamthilia ile. Walicheka pale pale pa kuchekea, wakasonya mama mkwe alipoingia, wakagombana kama binti amsamehe yule bwana au la. Katika chumba kizima, mwenye macho yasiyo na kazi nilikuwa mimi peke yangu.

Maandishi yangewasaidia nini? Hata wangekuwa na digrii mbili mbili, macho yao yalikuwa kazini. Fanya hesabu ya wengine wa namna hiyo: fundi cherehani, kinyozi, muuza chipsi anayegeuza mayai, mama anayechambua mchele jioni. Hata kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, ambako watu wamekuja kutazama kweli, ukikaa benchi la nyuma kichwa cha jamaa wa mbele kinaziba nusu ya chini ya skrini, yaani pale pale yanapokaa maandishi.

Ukilishika hilo, kuropoka kwa DJ kunaanza kuwa na maana. Anaposema "huyu anayeingia ndiye yule mjomba aliyemgeuka baba yake", aliyekaza macho anakereka, kwa sababu mjomba anamwona. Msusi hamwoni. Majina marefu ya kigeni yanageuzwa kuwa steringi, adui, mzee, mdogo wake adui, kwa sababu sikio halina sura ya kushikia jina. Wakati wa ngumi, ambapo hakuna anayezungumza, DJ ndiyo kwanza anapandisha sauti. Mbona mtangazaji wa mpira redioni hatumlaumu kwamba anawapigia kelele wachezaji?

Dunia imeshapitia haya. Enzi za filamu zisizo na sauti, Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Walisimama kando ya skrini wakiwasemea waigizaji wote, na kuna watazamaji waliochagua sinema kwa jina la msimulizi.

Wapo wanaosema dawa ni kuingiza sauti kwa mpango, kwa haki zilizolipiwa. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilionyesha "Dou Dou na Mama Wakwe Zake" ya China kwa Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Kazi safi, kila mhusika na sauti yake. Ila sauti za namna hiyo zinabadilisha mazungumzo tu. Wahusika wakinyamaza na kutazamana, saluni nayo inabaki kimya na msusi inabidi ageuke.

Mahali nisipowatetea ma-DJ ni pale baadhi yao wanapotia mzaha mwanamke anapopigwa au kulazimishwa kwenye filamu. Sauti ile ile inayomfikia msusi inamfikia na mtoto aliyekaa mlangoni.

Na hakimiliki je? Kampala waliligeuza tatizo kichwa chini. Isaac Nabwana wa Wakaliga alitengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010, na sauti ya msimulizi VJ Emmie ikawekwa ndani ya filamu yenyewe, anachekesha na kushangilia juu ya risasi, na filamu ni ya kwao wenyewe. Mtayarishaji wa Bongo Movie anaweza kufanya hivyo kesho: ampe DJ mkataba, atoe nakala mbili, moja ya macho na moja ya masikio. Najua nitaambiwa Bongo Movie tayari ni ya Kiswahili, atafsiri nini?

Siku ile saluni, tamthilia ilipokwisha, msusi alinigeukia akaniuliza kama yule steringi aliyemwagiwa sifa saa zote zile ni mzuri wa sura kweli. Nilimwambia ni wa kawaida tu. Hakuniamini.